Tupeane uzoefu: una riwaya gani ya kale au ya ajabu mkononi?

Mkaa Baraza (Amu)
Salaam wana jamvi. Kusi imeshika, bahari imechafuka, vyombo vingi vimefungwa. Kwangu huu ndio msimu wa kusoma. Nauliza wapenzi wa riwaya za kihistoria, na wale wa majini, wafalme na nchi zisizo kwenye ramani: sasa hivi unasoma nini? Usitaje jina ukakimbia. Tuambie kimekushika wapi.

Naanza mimi. Nina *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022. Kwa Kiingereza niliisoma zamani, ikapita tu. Kwa Kiswahili imenikaba. Watu wengi husifu ile safari ya bara, misafara na masultani wake, lakini mimi nimenasa dukani. Yusuf ana miaka kumi na miwili, babake amemtoa alipie deni, naye anadhani amekwenda kutembea kwa mjomba. Usiku analala barazani na Khalil, na Khalil ndiye anayemwambia wazi kwamba yule si mjomba wako, mwite Seyyid, yaani bwana. Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Nyumba ngapi za pwani hii zilikuwa na mtoto wa namna hiyo, na sisi tukiambiwa ni "wa nyumbani"?

Binti wa Siyu
Mimi niko na *The Dragonfly Sea* ya Yvonne Adhiambo Owuor (2019). Nilikifungua kwa shari, nawaambia ukweli. Mtu wa mbali anaandika kisiwa cha Pate, mimi nimezaliwa hapo, basi nikakaa na kalamu nikingoja akosee. Hadithi ya mabaharia wa China waliovunjikiwa na chombo wakaoa kwetu sisi tumelishwa nayo toka utotoni, na mwaka 2005 msichana wa kwetu alikwenda kweli kusoma huko kwa sababu ya nasaba hiyo. Kitabu kimechukua mbegu hiyo kikampa Ayaana, msichana wa kitabuni, maisha yake mwenyewe.

Kalamu niliiweka chini nilipomfikia Munira, mamake, anayetengeneza manukato huku mji mzima unamsema. Huyo namjua. Si mmoja tu namjua.

Lawama yangu ni lugha kujipamba mno. Sentensi moja ina udi, chumvi, mwezi na nyota. Lakini mamangu, ambaye Kiingereza hakijui, kila baada ya Isha ananiuliza habari za yule baharia aliye kama baba kwa Ayaana: "haya, Muhidin amefika wapi?" Namsimulia sura kwa sura, naye ananikatiza: hapo pana mkondo, maji yakipwa hapapitiki, mwambie huyo mwandishi.

Kijana wa Langoni
Dada Siyu, mama aandike yeye basi.

Fundi Mashua (Malindi)
Mimi macho yamechoka, nasikiliza. Simu mfukoni, kidude sikio moja, mikono inapiga kalafati. Mpwa wangu aliniwekea *The Adventures of Amina al-Sirafi* ya S. A. Chakraborty, ya mwaka 2023. Bahari yetu hii ya Hindi, karne ya 12, nahodha mwanamke aliyewahi kuwa haramia, ameshaacha kazi, analea binti, anatolewa tena nyumbani. Kuna wachawi, kuna madude ya baharini, na mume wake mmoja si binadamu.

Mumewe huyo hakunisumbua. Kilichonishika ni goti. Amina goti linamuuma! Mashujaa wa hadithi hizi huwa hawana umri, wanaruka tu toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Huyu anapanda ngazi ya chombo akihesabu maumivu, kama sisi. Na ana mabaharia wanaobishana juu ya maji ya kunywa. Mwandishi anayekumbuka maji ya kunywa namwamini hata akiniletea jini.

Mwalimu wa Barani (Malindi)
Wanafunzi wangu wanataka mazimwi yanayotema moto, wameyaona kwenye televisheni. Mimi sigombani nao. Nawasomea *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert (1952), pale mtumishi wa Mfalme Rai anapogundua kwamba Adili, mtu mwema asiye na doa, kila usiku anawachapa manyani wawili. Nasimama hapo hapo. Kengele inalia, hawatoki.

Wakubwa zaidi nawapa *Walenisi* ya marehemu Katama Mkangi (1995), mtu wa pwani hii hii. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo kinachorushwa ili akafie mbali, anafikia nchi nyingine kabisa. Kwa maoni yangu nusu ya pili inahubiri kupita kiasi, ila ile safari haina mwenzake.

Bi Mkubwa
Wanangu, utenzi umo au haumo? Mimi narudia wa Fumo Liyongo, ule wa Muhammad Kijumwa wa 1913. Shujaa Liyongo yuko kifungoni, tupa imefichwa ndani ya mkate wa wishwa, yale makapi ya nafaka, walinzi wanakula mikate mizuri, wishwa wanampa mfungwa. Nje ngoma ya gungu inapigwa kwa kishindo, ndani mtu anakereza minyororo. Mnatafuta nini tena huko kwingine?

Kijana wa Langoni
Ila Bi Mkubwa, Liyongo haingiwi na mkuki wala mshale, anauawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Hiyo tuiweke historia au maajabu?

Bi Mkubwa
Nenda Ozi, wanakosema ndiko kaburi lake liliko, ukawaambie ni maajabu, halafu urudi utupe habari.

Mkaa Baraza (Amu)
Bi Mkubwa, umo, tena mbele. Mimi kinachoniuma ni kile ambacho bado hakijaandikwa. Vita vya Shela, hapa kwetu Lamu, mwaka 1812 au hapo karibu. Kabla ya panga kulikuwa na mashairi, Zahidi Mngumi wa hapa akijibizana na Muyaka wa Mombasa. Kisha Wapate na wenzao wa Mvita, yaani Mombasa, wakashuka ufukweni kutupiga, wakavunjwa, na wazee husimulia kwamba walipokimbilia majahazi walikuta maji yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani. Mhusika wangu angekuwa yule aliyeachwa kulinda jahazi, anaona maji yanapungua na hawezi kuwaita wenzake.

Binti wa Siyu
Akiwa mtu wa Pate, nitasoma.

Fundi Mashua (Malindi)
Maalim wa Barani, hiyo *Walenisi* unayo ya kuazimisha? Nipitie shuleni Jumatatu baada ya adhuhuri. Naomba yenye maandishi makubwa kama ipo.

Mwalimu wa Barani (Malindi)
Ipo, jalada limeng'oka. Njoo na gundi.