Viwanja vya tenisi vya umma kupigwa kufuli miezi mitano kisa baridi, HII SIO SAWA KABISA

Wakuu habari zenu. Uzi utakuwa mrefu na nauandika nikiwa na hasira, mtanivumilia, maana hili jambo limenifika hapa shingoni.

Kila mwaka huku kwetu kwenye baridi ya theluji ni hivohivo. Majani yakianza kudondoka tu, jamaa wa halmashauri hao wanakuja na pikapu, wanafungua neti wanazikunja, wanazungusha mnyororo getini, wanapiga kufuli, wanatundika kibao kwamba kiwanja kimefungwa kwa msimu, basi, tuonane Aprili. Theluji yenyewe hata haijaanguka! Alafu mwezi wa kumi na mbili unakuta zinapita siku kibao za jua, pakavu, nyuzi 7 nyuzi 8, watu wanakimbia nje, wanaendesha baiskeli, watoto wanapiga mpira wa miguu ng'ambo ya uzio kwenye nyasi zilizoganda na hakuna mtu aliyewahi kwenda kufunga goli kwa kufuli, ila kiwanja cha tenisi kipo pale kikavu kabisa na hakuna ruhusa ya kuingia. Ukiuliza unaambiwa baridi. Baridi gani jamani?

Mimi nasema hivi na sirudi nyuma: kiwanja cha lami au cha zege hakifungwi na baridi. Kinafungwa na maji yaliyotuama na giza la jioni, na vyote viwili dawa yake inajulikana miaka mingi tu, ni watu hawataki kuifanya.

Tuanze na maji maana hapo ndo kwenye uozo wote. Kiwanja cha tenisi hakitakiwi kuwa bapa kama meza, kinatakiwa kiinamie upande mmoja kidogo tu, karibu asilimia moja, kiasi kwamba mchezaji hauoni ule mwinamo ila maji yanauona na yanaondoka. Wajenzi wa Marekani wana kipimo chao kirahisi sana, unalowesha kiwanja chote, unasubiri saa moja kukiwa na joto la nyuzi 21 hivi, pakibaki dimbwi lenye kina cha zaidi ya milimita 1.6 basi hapo pana kasoro pafukiwe. Sasa nendeni mkaangalie viwanja vyetu vya umma baada ya mvua. Madimbwi unaweza kufulia nguo. Na hayo madimbwi kiangazi hayasumbui, yanakauka. Baridi ikija yanaganda, na maji yakiganda yanavimba kwa karibu asilimia 9, yale yaliyoingia kwenye nyufa yanaupanua ufa, mchana yanayeyuka yanazama ndani zaidi, usiku yanaganda tena yanaupanua zaidi, hivohivo msimu mzima. Mwezi wa nne wanakuja kufungua geti wanakuta ufa unaingia vidole wanasema mnaona? ndo maana tunafunga. Hapana bwana! Ule ufa haukuletwa na raketi zetu, umeletwa na dimbwi mlilolikuta tangu kiangazi mkaliacha. Kufuli halizuii maji kuganda.

Na hapa kuna kitu kinaniudhi mpaka basi. Marekebisho wanapanga lini? Mwezi wa kumi na moja, eti kwa kuwa kiwanja kimefungwa basi kuna nafasi ya kufanya kazi. Rangi ya akriliki ile ya juu ya kiwanja inataka pakavu na joto la kuanzia nyuzi 10 kwenda juu ili ikauke na kushika, ukipaka kwenye baridi inabanduka kama ngozi. Maana yake kazi ya kuziba nyufa na kufukia madimbwi inatakiwa iwe imeisha kabla ya vuli, yaani kabla majani hayajaanza kudondoka, mwezi wa nane wa tisa. Fundi yeyote wa viwanja analijua hili. Lakini tenda inatangazwa watu wanavaa makoti, kazi inasogezwa mpaka mwaka unaofuata, na mwaka unaofuata wimbo ni ule ule.

Kuna vile viwanja vya lami yenye vitundu, maji yanapita katikati yanashuka chini, Uingereza wanavyo vingi sana kwenye bustani za umma na watu wanacheza mwaka mzima, mvua ikikatika baada ya muda mfupi mko ndani. Hivyo ni bora kabisa kwa baridi ila vinataka usafi, na usafi wenyewe ni kufagia majani. Kufagia! Majani yakiachwa yanaoza, yanakuwa matope, yanaziba vile vitundu, kivuli cha miti kinasaidia, ukoga wa kijani unaota, na hapo ndo mtu anateleza anavunja mkono na kiwanja kinafungwa kwa sababu za usalama. Mtu mmoja na ile mashine ya kupuliza majani, mara moja kwa wiki wakati wa vuli, dawa ya ukoga kabla haujashika mizizi, matawi yanayoziba jua yakatwe. Mtu anisaidie, hiyo ni bajeti gani ya kushindwa?

Theluji nayo. Theluji ikianguka isukumwe mapema kabla watu hawajaikanyaga, maana ikikanyagwa inashindiliwa inakuwa barafu na barafu hiyo huitoi tena, unasubiri jua. Koleo liwe la plastiki au lenye mdomo wa mpira, la chuma linachana rangi. Na CHUMVI YA BARABARANI MARUFUKU, narudia, marufuku. Nimeona kwa macho yangu wafanyakazi wanaimwaga kiwanjani kama wanapanda mtama. Inaharibu ile rangi, inayeyusha juu alafu yale maji yanaingia ndani yanaganda upya, na chembe zake zikibaki ni msasa chini ya viatu. Ukiitoa theluji asubuhi kwenye kiwanja cha rangi iliyoiva, jua likitoka hata dogo, mchana pamekauka, ile rangi inavuta joto. Sasa wao wakishafunga geti hata sisi wenye makoleo yetu wenyewe na nguvu zetu wenyewe haturuhusiwi kuingia kusafisha. Watu wamejitolea kabisa, wakaambiwa hapana, suala la bima.

Kuhusu neti, hoja yao naijua, kwamba theluji na barafu zinaning'inia kwenye neti zinavuta nguzo. Ni kweli, zinavuta. Lakini kwenye nguzo si kuna ule mkono wa kukazia waya? Ukimaliza kucheza unalegeza, neti inakaa chini, mzigo haupo. Mwenzio akija anakaza mpaka katikati ifike sentimita 91.4 anacheza zake. Bandikeni karatasi getini yenye maelekezo, watu wazima tutafanya. Kama hamtuamini zipo neti za chuma, sehemu nyingine kwenye bustani za umma zinakaa mwaka mzima, sio nzuri sana, mpira unagonga kwa kelele, ila ziko pale na watu wanacheza.

Haki nitawapa sehemu moja tu. Viwanja vya udongo mwekundu vifungwe, hapo sibishani. Ule udongo ukiganda unainuka, ukiyeyuka ni uji, mtu akicheza juu yake anaumaliza. Na hata ile lami yenye vitundu siku ikiwa imeganda kabisa, au ndo inaanza kuyeyuka, ipumzishwe mpaka ikae sawa. Lakini huko ni kufunga siku hiyo, asubuhi hiyo. Sio miezi mitano.

Sasa giza. London mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na ukienda kaskazini zaidi ni mapema kuliko hapo. Mtu anayefanya kazi ya kuajiriwa, mwanafunzi, hawa wote bila taa hawana tenisi siku za wiki, hata uwanja uwe mkavu vipi. Taa zinazotakiwa sio za kurushia matangazo ya televisheni, kiwango cha Ulaya EN 12193 kwa uchezaji wa ngazi ya chini nje ni luksi 200 tu (luksi ni kipimo cha mwanga). Taa za zamani ndo zilikuwa na shida, unaziwasha zinachukua dakika kadhaa kushika mwanga, zikizimika unasubiri zipoe ndo ziwake tena, kwa hiyo zilikuwa zinaachwa zinawaka bure usiku. Za LED zinawaka papo hapo, baridi inazipenda, zinazimwa papo hapo, unaweka kitufe na saa ya kuhesabu, hakuna mtu kiwanjani hakuna umeme. Majirani wanaolalamika mwanga kuwaingia vyumbani nao wana haki yao, ndo maana kuna taa za kuelekezwa chini na muda wa kuzima unaojulikana. Hayo yote yanazungumzika mkikaa na watu. Kwetu hakuna aliyekaa na mtu.

Na kila tukilisogeza hili kwenye kikao, afisa mmoja ananyanyuka na wazo lake la kuba, lile hema kubwa la kujazwa hewa, kwamba wanafikiria kuweka kuba siku zijazo. Wakuu msidanganywe na hiyo, ni njia ya kuua mjadala. Kuba ni zuri, silipingi, ila linataka feni zinazopuliza saa 24, jenereta ya akiba, milango maalum hewa isitoke, urefu wa mita 9 hivi juu ya neti, kupashwa joto, na mtu wa kuliangalia theluji inapoanguka. Paa la Metrodome kule Minneapolis Marekani, nalo la kushikiliwa na hewa, uwanja mkubwa kabisa wenye wataalamu wake, lilichanika kwa uzito wa theluji tarehe 12 Desemba 2010. Na kuba likishawekwa linalipiwa kwa saa, hela ya maana, kwa hiyo wale wale tuliokuwa tunacheza bure tunatoka nje. Sisi hatujaomba kuba. Tumeomba neti, fagio, na geti liwe wazi.

Maana mwenye uwezo ana klabu, ana uwanja wa ndani, baridi haimhusu. Anayeumia ni yule dogo aliyeanza kushika raketi mwezi wa sita, mwezi wa tisa ameanza kupiga bekihendi inavuka neti, anafurahi, alafu mnamfungia mpaka Aprili. Akirudi anaanza upya kama hajawahi kufundishwa, wengi hawarudi kabisa. Na wazee wetu pia, wale wanaocheza dabo, wawili kwa wawili, asubuhi, kwa wengine ile ndo sababu pekee ya kutoka nyumbani, mnaiondoa kwenye miezi ambayo ndo wanaihitaji zaidi.

Naongeza hapa chini maana kuna mdau ameuliza eti mpira haudundi kwenye baridi kwa hiyo tenisi ya baridi haina maana. Mdau, ni kweli unadunda chini, mpira wa kawaida unapimwa ukiwa kwenye nyuzi 20, ukiachiwa kutoka sentimita 254 unatakiwa uinuke 135 mpaka 147, baridi ikishusha presha ya ndani na kukaza mpira wenyewe haufiki hapo. So what? Unapinda magoti zaidi, mipira ya akiba unaiweka ndani ya koti, unapasha misuli kwanza ndo uanze kupiga sevu. Huo ni uamuzi wa mchezaji, sio wa mwenye kufuli.

Ninachotafuta ni hiki: kama kuna sehemu watu wamefanikiwa kubana mamlaka mpaka zikaacha neti na geti wazi baridi yote, waseme hapa. Mlimwandikia nani, idara ya bustani au madiwani moja kwa moja? Hilo suala la bima kwa watu wa kujitolea mlilimalizaje? Kama mna nakala ya barua iwekeni, ondoeni majina, nitaichukua kama ilivyo niipeleke kikao kijacho, kabla hawajaleta ile pikapu.