Naomba ushauri: zawadi ya mashairi kwa binti wa darasa la sita

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, Krismasi inakaribia na ndugu wa Dar wameanza kukata tiketi. Nina binti wa miaka 12, kichwa chepesi kweli. Mwaka jana nilimnunulia gauni. Alilivaa siku moja, akarudi kusoma magazeti ya kufungia maandazi.

Juzi mjomba wake kamfundisha utenzi: kila kipande cha ubeti mizani (yaani silabi) nane, vitatu vya mwanzo vinaishia kwa kina (sauti ya mwisho) kimoja, cha nne kinabeba kina kinachorudi kila ubeti mpaka mwisho. Sasa anahesabu mizani kwa vidole hata kanisani (padri kashamwona).

Kwa hiyo safari hii nataka nimpe vitabu. Nawaza Utenzi wa Mwana Kupona, wa 1858, ila Kiswahili chake ni cha kule Pate na Lamu. Mimi mwenyewe nakwama, na hapa Kibosho nitamuuliza nani? Au Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1969. Umri huo ataiweza, au nitamchosha aichukie?

Mama mkwe anataka vitabu vya mtihani wa darasa la saba. Simbishii, lakini hayo yana twisheni yake.

Nina elfu arobaini. Kuna aliyeona nakala yenye maelezo ya maneno magumu, Moshi au Arusha? Na mliosoma tenzi na watoto, mlianzia wapi? Tarehe 20 nitakuwa Arusha mjini.