Sindano ya Pili ya Ndama

Mjomba Saidi: Asalaam aleikum ndugu zangu. Yule ndama bado anahema kwa shida, shingo kainyoosha mbele, pua zinatanuka. Daktari wa mifugo kamchoma sindano mbili. Ya kuua vijidudu nimeielewa. Ya pili kasema ya kutuliza uvimbe wa mapafu. Neema, we unasomea mifugo huko Morogoro, ya nini hiyo?

Neema: Waaleikum salaam, shikamoo mjomba. Poleni. Hiyo ya pili msiiache. Ng'ombe ana seli za ulinzi zilizojishikiza muda wote ndani ya vijishipa vya damu vya mapafu. Sumu ya bakteria ikipita tu, zinaita chembe nyeupe za damu, vijishipa vinavuja, mapafu yanajaa maji.

Mama Neema: Yaani mwili unajiumiza wenyewe!

Neema: Ndiyo mama. Na panya wa maabara kwa kawaida hana seli hizo, kwa hiyo majibu ya panya huwezi kumbebesha ng'ombe. Nimeelewa hili kwa kusoma kazi za Profesa Baljit Singh, aliyekuwa akifundisha anatomia ya mifugo Saskatoon, Kanada. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa farasi: waliziondoa hizo seli kwa dawa, kisha wakawapa sumu ya bakteria. Uvimbe wa mapafu ulipungua, ingawa haukuisha.

Shangazi Rehema: Anatomia? Nilijua hao kazi yao mifupa na kupasua mizoga.

Neema: Shangazi, ndipo ninapompendea. Usipojua seli imekaa wapi, utajuaje inafanya nini?

Shangazi Rehema: Na darasani je? Wapo watafiti hodari ambao mwanafunzi hatoki na kitu.

Neema: 2009 alipata tuzo ya taifa ya 3M, wanayopewa wahadhiri wa Kanada kwa ufundishaji. 2016 akawa mkuu wa kitivo cha mifugo Chuo Kikuu cha Calgary, hukohuko Kanada.

Shangazi Rehema: Mashallah. Nimeshika chaki mpaka nikastaafu, najua kufundisha kunavyochukuliwa kazi ndogo. Huyo kapewa haki yake.

Mjomba Saidi: Sasa nimwongeze hiyo ya uvimbe leo jioni?

Neema: Hapana mjomba! Ikizidi inaharibu tumbo na figo, hasa kama hanywi maji. Daktari ndiye aseme. Wewe mpe maji, mweke penye hewa, mbali na vumbi na moshi. Mpime joto pia, likipita nyuzi 39.5 mpigie daktari simu.

Mjomba Saidi: Haya mwanangu. Nimeshamhamishia chini ya mwembe. Daktari anarudi saa kumi.