Avenyu Yetu: barua ya mfereji

JUMATANO

Mama Mapasa, 6:12
Yambo yenu jirani. Narudia mara ya nne. Ijumaa saa tatu asubuhi barua inaenda kwa konseye, mjumbe wetu katika baraza la komini. Nahitaji sahihi 30, ninazo 9. Karatasi iko kwangu, kwenye meza ya mikate. Mvua ya Novemba haitungojei.

Mama Mapasa, 6:15
Tena mjue: mfereji umeziba kuanzia kona ya pampu mpaka kwa fundi cherehani. Jana nimeingiza mti, umezama mita nzima katika takataka. Na lile daraja dogo limepasuka katikati.

Ya Fiston, 7:40
Mama, tuache vyura kidogo. Wanaimba kuliko kwaya ya Tantina Odette 😂

Tantina Odette, 7:41
Fiston!! Njoo Jumapili usikie, utalia machozi.

Ya Fiston, 7:41
Njo kulia kwenyewe ninakoogopa 😂😂

Papa Mécano, 7:44
Sauti ya pili iko mbaya kweli, tusidanganyane.

Tantina Odette, 7:46
Sauti ya pili ni mke wako, Papa Mécano.

Mama Mapasa, 8:02
Jamani. Daraja. Kamioni mbili zimepita tena usiku, saa saba, zimejaa shaba, zinakimbia msongamano wa barabara ya Kasumbalesa. Nyumba yangu inatetemeka, mapacha wanaamka. Mnasikia wote, mnanyamaza wote.

Baba Eddy, 8:30
Mama ana haki. Lakini kwa nini konseye? Mara ile tulizunguka ofisi tatu, kila moja ikatutuma kwa nyingine. Nilimaliza viatu.

Kadogo wa Sheria, 8:47
Papa, mara ile tuligonga mlango usio wetu. RN1, ile inayotoka Banana kule baharini hadi mpaka wa Zambia, ni kazi ya Office des Routes, ofisi ya serikali. Barabara kubwa za ndani ya mji ni za OVD, ofisi nyingine ya serikali. Lakini avenyu kama yetu, mfereji wake na usafi wake ni vya komini. Iko ndani ya sheria 08/016 ya tarehe 7/10/2008. Na komini sasa ina baraza. Wale tuliowapigia kura 20/12/2023, mara ya kwanza tangu sheria hiyo itoke, kazi yao si kuja kwenye matanga na bahasha. Kazi yao ni kumwuliza mkuu wa komini: pesa iliingia ngapi, imefanya nini?

Mama Mapasa, 8:50
Umeona! Mtoto amesoma. Hayo njo yameandikwa kwenye barua. Moja, mfereji. Mbili, nani ameruhusu kamioni za tani nyingi ndani ya kartie (mtaa), na kibao cha kuzikataza kitawekwa lini. Tatu, sisi wa soko tunalipa tiketi kila siku ya Mungu. Kila siku! Na takataka za soko zinaishia kwenye mfereji wetu. Ile pesa inaenda wapi?

Papa Mécano, 9:20
Waulize pia pesa ya migodi. Tunaambiwa komini zinapata 15%.

Kadogo wa Sheria, 9:26
Zinapata zile zenye mgodi kwao, papa. Kodi ya mgodi (redevance), kwa sheria ya 2018, inagawanywa hivi: serikali kuu 50%, jimbo 25%, mahali penye mgodi 15%, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Kwetu hakuna mgodi.

Tantina Odette, 9:31
Kwetu shaba inapita tu. Pesa inabaki kwao, vumbi kwetu.

Mama Mapasa, 12:05
Sahihi 11. Watu 41 katika kikundi hiki.

Mama Mapasa, 12:06
Na kila nyumba itoe franka 1,000 ya kutoa fotokopi na kulipa moto (pikipiki) ya yule atakayepeleka.

Mama Alfa, 13:18
Hapo njo mimi nasimama. Pesa tena? Kwanza Baba Eddy atuambie saruji ya 2020. Mifuko sita. Nilitoa franka 5,000 nikiwa sina hata makala ya kupika bukari. Mfereji haukujengwa. Mwezi uleule ukuta wa parseli yake ukapanda. Sisi si watoto.

Ya Fiston, 13:20
😶

Baba Eddy, 13:52
Ukuta wangu nilijenga kwa mshahara wangu.

Mama Alfa, 13:53
Na saruji?

Baba Eddy, 14:10
Mama Alfa, nakuheshimu. Sina la kuongeza.

Mama Alfa, 14:11
Miaka yote ni jibu hilohilo.

Mama Mapasa, 14:15
Tafadhali, si leo. Tumalize barua kwanza.

Mama Alfa, 14:16
Mimi sitii sahihi karatasi moja na yeye.

Mzee wa Kona, 17:33
Naandika kwa mkono wa mjukuu. Nimesomewa yote.
Mama Alfa, binti yangu, ile saruji usimwulize tena Eddy. Niliiomba mimi. Tulipomtoa mtoto wa Mama Neema ndani ya mfereji ule, baba yake hakuwa na kitu cha kufunikia kaburi. Nikamwambia Eddy atoe mifuko yote sita, nikamkataza kusema. Sikutaka watu wahesabu mifuko mbele ya mama aliyefiwa. Amebeba jina baya kwa sababu ya neno langu. Kosa ni langu.
Barua iletwe kwangu nitie kidole. Na mtoto aandikwe ndani yake. Wakubwa wa komini wajue tunazungumza juu ya nini.

Tantina Odette, 18:20
🙏

Papa Mécano, 18:41
Baba Eddy, unisamehe. Na mimi nilisema maneno.

Baba Eddy, 19:02
Yamepita, kaka.

Mama Mapasa, 19:30
Mzee, aksanti. Nitaileta kesho alfajiri. Lakini mtoto siwezi kumwandika bila ruhusa ya mama yake. Amehamia Likasi ila yuko humu kikundini. Nani atampigia? Mimi nashindwa, kweli.

Kadogo wa Sheria, 20:04
Konseye amejibu. Ijumaa asubuhi hayupo. Labda saa nane mchana, au Jumatatu. Anasema tukiwa na barua yenye sahihi, atauliza swali kwa maandishi.

Mama Mapasa, 20:06
Labda! Basi saa nane tuko mlangoni. Sahihi 17. Mama Alfa?

Ya Fiston, 20:15
Nitapeleka barua kwa moto yangu. Bure. Hiyo 1,000 muache.

Mama Mapasa, 21:10
Mama Alfa, kalamu iko. Silali mpaka saa nne.

Mama Neema, 22:47
Nimesoma. Baba yake yuko kazini usiku, acheni nizungumze naye kwanza.

Mama Mapasa, 22:48
Tunangoja, mama.