"Feast" ni karamu au ni sikukuu?

Swali

Salamu kwenu, wapenzi wa lugha. Ninatafsiri historia fupi ya parokia moja iliyoandikwa kwa Kiingereza, na nimekwama kwenye neno "feast", ambalo mwandishi amelitumia mara mbili katika sentensi moja: kwanza anasema waumini walikusanyika katika "feast" ya Mtume Yakobo, kisha anasema baada ya Misa waliandaliwa "feast" chini ya miembe. Mwenzangu katika kazi hii anashikilia kwamba neno likiwa moja, tafsiri nayo iwe moja, yaani "karamu" kote kote. Mimi naona "karamu ya Mtume Yakobo" inasomeka kana kwamba mtume mwenyewe ndiye aliyealika watu. Mnalitenganishaje? Tena Pasaka imeitwa "movable feast", na hapo sijui pa kuanzia.

Jibu la kwanza

Usikubali "karamu" kote kote. Neno hilo liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini, ambako asili yake ni siku ya kusherehekea, na kwa kuwa siku ya namna hiyo haikupita bila watu kula na kunywa, likabeba siku na mlo pamoja. Kiswahili hakikuchanganya mambo hayo: siku ni sikukuu, mlo ni karamu. Linganisha Biblia ya Kiingereza ya King James na tafsiri ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952. Katika Yohana 7 Wayahudi wana Sikukuu ya Vibanda, katika Esta 1 mfalme Ahasuero anawafanyia wakuu wake karamu, na Kiingereza kinatumia "feast" mahali pote pawili. Katika harusi ya Kana watafsiri walikwenda mbali zaidi, kwa kuwa msimamizi ambaye Kiingereza kinamtaja kwa neno hilohilo, wao walimwita "mkuu wa meza", na hakuna msomaji anayehisi kuwa kuna kilichopotea.

Kuhusu Pasaka, andika "sikukuu isiyo na tarehe maalumu" au "sikukuu ya tarehe inayobadilika". Kwa kalenda ya Kanisa la Magharibi huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, na Kupaa kwa Bwana pamoja na Pentekoste huifuata inakokwenda.

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia, ila kwa Wakatoliki kuna jambo moja la kuangalia. Kalenda ya liturujia ina madaraja matatu, nayo kwa Kiswahili ni Sherehe, Sikukuu na Kumbukumbu, na "feast" kwa maana yake kamili ni lile la katikati. Mtume Yakobo, Julai 25, ni Sikukuu. Maria Magdalena alikuwa na Kumbukumbu tu mpaka mwaka 2016, Papa Fransisko alipoipandisha kuwa Sikukuu. Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, Agosti 15, ni Sherehe, ingawa Kiingereza cha mazungumzo huiita "feast" bila kujali daraja. Sasa angalia jina la kanisa lenyewe: kama Mtume Yakobo ndiye msimamizi wake, basi hapo kwao siku hiyo huadhimishwa kwa daraja la Sherehe, na katekista yeyote atakayesoma kitabu chako ataliona kosa kabla ya kufika ukurasa wa pili.

Jibu la tatu

Mimi ni mtu wa pwani, na ningependa kuongeza upande wa chakula, kwa sababu "karamu" nayo haitoshi kila mahali. Rais akimkirimu mgeni wa taifa, gazeti huandika "dhifa ya kitaifa". Chakula cha harusi ya Kiislamu ni walima, nacho hutolewa kwa upande wa bwana harusi. Watu huketi jamvini wakilizunguka sinia la pilau, kachumbari pembeni, na mkono wa kulia ndio kijiko. Ukiita jambo hilo "hafla" umelipeleka ukumbini kwenye viti na hotuba. Waingereza nao wana vituko vyao, maana chakula cha harusi kwao huitwa kifungua kinywa hata kikiliwa alasiri. Kwa watu walioketi chini ya miembe baada ya Misa, "karamu" ndiyo hasa.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Kanisa lina msimamizi mwingine, kwa hiyo nimeandika: "Waumini walikusanyika katika Sikukuu ya Mtume Yakobo, na baada ya Misa wakafanyiwa karamu chini ya miembe." Limebaki moja: ukurasa unaofuata unasema nzige walifanya "feast" katika shamba la mahindi la misheni.

Jibu la kwanza

Hapo ni ulafi tu, wala hakuna anayesherehekea. Andika kwamba nzige waliyafakamia mahindi ya misheni wakabakiza mabua.