Naomba ushauri: tasnifu ya sheria ya tabianchi, nifuate bunge au mahakama?

Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu ya sheria na nimekwama: nani hasa anaitunga sheria ya tabianchi, mbunge au jaji?

Ujerumani ndiyo inayoninyima usingizi. Mwaka 2019 bunge lilipitisha sheria: kufikia 2030 gesi joto zipungue kwa asilimia 55 kulinganisha na 1990. Vijana wakaenda Mahakama ya Katiba. Mwaka 2021 majaji wakasema sheria haikuonyesha vya kutosha njia ya baada ya 2030, hivyo mzigo unasukumiwa wanaokuja. Haikupita miezi mingi, bunge likapandisha lengo hadi asilimia 65. Yaani majaji hawakuandika tarakimu hiyo, lakini bila wao nadhani isingeguswa! Uholanzi ni tofauti, kule Mahakama ya Juu ilithibitisha kiwango chenyewe, angalau asilimia 25 kufikia mwisho wa 2020.

Msimamizi wangu anataka nichague upande mmoja. Mimi naona nikifanya hivyo naua hoja yenyewe. Nishikilie msimamo wangu, au nibane mada iwe Ujerumani pekee? Mliopitia haya nisaidieni tafadhali, pendekezo linatakiwa wiki ijayo.