Tunaongezeka kutoka watu 4 hadi 7, kisima ni kilekile: tangi la mvua liwe la lita ngapi?

Mtungi7: Wakuu salaam. Kaya ina watu 4, karibuni tutakuwa 7. Kisima kinatoa kama lita 400 kwa siku, ukizidisha pampu inavuta tope. Kwa sasa kila mtu anatumia karibu lita 100. Paa ni la mabati, mita za mraba 60, mvua ya mwaka milimita 900 hivi, na kiangazi kirefu hufika siku 100. Niongeze kina cha kisima au ninunue tangi? Na kama ni tangi, liwe la ukubwa gani?

PimaKwanza: Mkuu, usiguse kisima kwanza. Ukiongeza kina unashusha maji ya visima vya jirani, nao watachimba zaidi yako, na mvua inayorudisha maji ardhini haijaongezeka hata tone.

Hesabu ya paa ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo 60 × 900 = lita 54,000. Toa sehemu ya tano kwa maji yanayoruka, kukauka na kumwagwa, zinabaki 43,200. Ila hakikisha hizo mita 60 zimepimwa chini, yaani kivuli cha paa. Ukipima bati lenyewe kwenye mteremko utajidanganya.

Watu 7 kwa lita 100 ni lita 255,500 kwa mwaka. Paa halifiki hata robo ya hapo. Basi maji ya mvua yawe ya kunywa na kupikia tu: lita 10 kwa mtu, lita 70 kwa siku. Siku 100 za kiangazi zinataka lita 7,000. Weka akiba kidogo, lita 8,000.

Mwamba_Mkavu: Mnajisumbua bure. Watu duniani walikuwa bilioni 2.5 mwaka 1950, Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ukatangaza bilioni 8. Kaya moja itaokoa nini? Tena kilimo ndicho kinachukua karibu asilimia 70 ya maji baridi yote yanayovutwa.

PimaKwanza: Takwimu zako ni sahihi, hitimisho ndilo silikubali. Kisima hiki hakinywewi na dunia nzima, kinanywewa na kaya hii na jirani zake, na hapo lita zinaonekana. Halafu idadi ya watu ni nusu tu ya hesabu. Watu 4 kwa lita 100 ni 400. Watu 7 kwa lita 60 ni 420, na zikitoka 70 kwenye tangi la mvua, kisima kinadaiwa 350. Kaya imekaribia kuwa maradufu na kisima kimepata nafuu.

Mtungi7: Nimekuelewa. Hizo lita 40 kwa kila mtu zinakatwa wapi?

BiTunu: Chooni kwanza, ndugu yangu. Tangi la kusukumia la zamani hutumia lita 9 kila safari. Ndoo ya lita 3 ikimwagwa kwa nguvu mara moja inatosha. Kagua pia kama linavuja: tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, subiri dakika 20 bila kusukuma. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, mpira wa chini wa tangi umechoka, badilisha.

Maji ya suuza ya mwisho yawe ya kufulia nguo za zamu inayofuata, kisha yaende chooni. Yakienda kwenye miti, mwaga kwenye udongo, si juu ya majani, wala usiyaweke zaidi ya siku moja, yananuka na kuzalisha vijidudu. Mbogamboga za kuliwa mbichi zisiguswe nayo.

FundiGata: Sasa kazi yenyewe. Gata: kwa kila mita 1 ya mraba ya paa hesabu sentimita 1 ya mraba ya tumbo la gata, yaani nafasi ya ndani ukilikata kwa upana. Kama paa lote linamwaga upande mmoja, nusu duara yenye upana wa milimita 125 inatosha. Mteremko sentimita 1 kila mita, mabano kila nusu mita. Mabano yakiachana gata linapinda katikati, maji yanasimama, mbu wanazaliana humo.

Kabla ya tangi weka bomba la kutega maji ya kwanza, maana hayo ndiyo yanayobeba vumbi na kinyesi cha ndege. Tega nusu lita kwa kila mita ya mraba. Kwako ni lita 30. Bomba la inchi 4 linabeba kama lita 8 kwa mita, utahitaji karibu mita 4 za wima. La inchi 6 linabeba lita 18, mita 1.7 zinatosha. Chini funga kifuniko cha kufungua kwa mkono, kitoboe tundu la milimita 3 lijimwage polepole. Hapa ndipo wengi wanapokwama: tundu linaziba kwa tope, bomba linabaki limejaa, na mvua inayofuata uchafu wote unaingia tangini. Fungua kifuniko na usafishe kila baada ya mvua kubwa.

Nunua matangi mawili ya lita 4,000, si moja la 8,000. Unaosha moja huku jingine likitumika. Kila moja likijaa ni tani 4, kwa hiyo msingi wa zege ulio sawa, si matofali yaliyopangwa juu ya udongo. Koki iwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini. Tangi lisipitishe mwanga, na bomba la kumwaga ziada lizibwe kwa wavu wa mbu.

BiTunu: Na ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au klorini ya asilimia 5 isiyo na manukato, mililita 1 kwa lita 20 za maji maangavu, subiri nusu saa.

Mtungi7: Nitajuaje kama tunazidisha wakati wa kiangazi?

FundiGata: Kwa kijiti chenye alama. Tangi la kipenyo cha mita 1.6 linashuka karibu sentimita 24 kwa wiki ukichota lita 70 kwa siku. Likishuka 30, kuna anayelifulia nguo au koki inavuja.